Kata ya Kwanza

Juzi nilipita kwenye chemchemi yetu, nje kidogo ya kijiji chetu cha Wema, nikaikuta imezungushiwa waya na kufungwa kufuli. Juu wametundika kibao: "Urithi wa Jamii. Usiguse." Ng'ombe wa Waorma, majirani zetu wafugaji, walisimama nje, wakilamba nguzo za waya.

Nikakumbuka alasiri moja ya kiangazi ya utotoni nilipoteremka pale na nyanya yangu. Palinuka matope na samadi, na kengele za mbao ziligonga shingoni mwa ng'ombe. Nyanya alichota maji kwa kata yake, na ile kata ya kwanza akaimimina kwenye hori la wafugaji. Ya kwanza! Nami koo limenikauka.

"Nyanya, mbona unawaogopa?" nilimnong'oneza.

"Nyamaza. Ng'ombe wao wakinywa, mahindi yetu yatalala salama."

Nikaona ni woga tu. Sikujua kwamba kata ile ndiyo iliyotupa usingizi, sisi na wao, kiangazi baada ya kiangazi.

Hiyo juzi nilimwuliza mlinzi aliyekaa penye kufuli urithi wenyewe ni upi. Akanionyesha maji.

Maji! Maji aliyaweka Mungu. Urithi wetu ni kata ya kwanza, na hiyo ndiyo waliyoifungia nje.