Sista Perpetua Ibidun, Aliyefungua Vinywa Bila Kuvilazimisha

Alizaliwa Ondo, katika nchi ya Wayoruba, mwaka 1909, nasi watu wa Ondo hatuoni haya kujivunia bahati hiyo. Alilishwa kama sisi sote: nyanya humlaza mtoto magotini, humbana pua, hukinga kiganja kidevuni na kummiminia uji wa ogi. Mtoto akitaka kupumua, sharti ameze. Ibidun alimeza, akakua, lakini uji ule hakuupenda tena.

Mwaka 1929 aliingia utawani. Asubuhi moja mlezi wa wanovisi alimweka mbele ya bakuli la ogi tangu misa hadi adhuhuri. “Unakiringia chakula cha Mungu?” akamuuliza. “Siringi, Mama. Njaa ninayo. Koo ndilo linaloogopa.” Nusura arudishwe kwao. Aliponea kwa sababu alikula viazi vikuu bila shida na kufanya kazi bila kuchoka.

Maneno yale ndiyo yaliyokuja kumwokoa mtoto mmoja, Durojaiye, mwaka 1951. Alikuwa na umri wa miaka miwili, ndugu zake wawili wamekwisha zikwa, na zaidi ya ndizi za kukaanga hakukubali kitu. Nyanya yake, Iya Abeni, yaani Mama Abeni, alimlisha kwa kiganja mbele ya Sista hadi midomo ikageuka buluu. Sista akaukamata mkono ule.

“Wewe hujazaa hata paka,” Iya Abeni akafoka. “Utanifunza mimi kulisha?”

“Sijazaa, Iya. Lakini nimelishwa.”

“Akifa je?”

“Kwa mkono huu atakufa mapema.”

Alimtazama mtoto kinywani, asije akawa na kidonda. Kisha akaketi mkekani na Iya Abeni, wakala wao. Mbele ya mtoto waliweka ndizi alizozijua na, kando yake, tonge dogo la maharage, wala hakuna aliyembembeleza. Siku ya kwanza alilitupa. Siku zilizofuata akalishika, akalinusa, akalilamba. Iya Abeni alikuwa akilia huku anatafuna, maana kungoja kulimuuma kuliko njaa. Kabla mvua hazijakatika, Durojaiye alikula maharage kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya hapo akina mama walikuja kutoka hata mji wa Akure, na Iya Abeni ndiye aliyewapokea mlangoni, akiwaamuru wakalie viganja vyao.

Mwaka 1986 Sista alikuwa kitandani, kinywa amekifumba, na muuguzi kijana akamshika kidevu ammiminie uji. “Mwache,” akasema Durojaiye, sasa mtu mzima na katekista. Akaketi kando yake, akala bakuli lake la ogi polepole, bila kumtazama. Sista akageuza kichwa.

“Ni tamu?” akauliza.

“Kidogo, Sista.”

Akafungua kinywa. Alfajiri Bwana akamwita.

Ndugu mpendwa, ukimwomba Sista Perpetua akuombee kwa ajili ya mtoto asiyekula, kwanza kaa naye chini, nawe ule.