Bahari ya Futi Mbili, Shinyanga

Samaki wa kufugwa kwenye kioo huchaguliwa kwa tabia, si kwa sura. Hilo nililisoma katikati ya miaka ya sabini, katika kijitabu alichoniachia mhandisi mmoja Mzungu wa mgodi wa almasi niliyekuwa nikimfundisha Kiswahili kila Jumamosi. Mkataba wake ulipokwisha aliniachia pia tangi lenyewe, futi mbili kwa futi moja, pamoja na kipampu cha umeme cha kupuliza hewa majini. Kiswahili changu hakikumwingia sana, lakini tangi lake mimi liliniingia. Kijitabu kilishauri kwamba bahari yako ikiwa ndogo, uchukue samaki wadogo, wachangamfu, wanaokula mbele ya macho yako. Mzuri anayejibanza pembeni umwache, maana huyo ameshaanza kufa.

Nilikuwa na sababu ya kupenda ushauri ule. Mke wangu alikuwa amejibanza pembeni.

Alikuwa Mzaramo, mtoto wa kijiji cha wavuvi kaskazini ya Dar es Salaam. Nilimwoa nilipokuwa namaliza chuo kikuu, nikamleta kwetu Shinyanga nilikopangiwa kufundisha sekondari. Miaka miwili ya kwanza alikaa vizuri kuliko mimi. Wasukuma na Wazaramo ni watani, na jirani yetu, mama mmoja mjane aliyetoka Tinde, alimpokea kwa matusi mazito tangu siku ya kwanza. "Mwangaluka, mtani! Wazaramo mnaamka saa hizi? Ng'ombe wameshakwenda na kurudi!" Mke wangu naye anamjibu kwamba kwao ng'ombe huamshwa na watu, si watu na ng'ombe. Walipendana.

Halafu ikaja Aprili. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Mtoto alizaliwa, wa kiume, hakulia. Mama yake akiwa bado kitandani hospitalini, mimi na majirani wawili tulikwenda kumzika kabla ya adhuhuri. Wazee wa kwetu na wazee wa kwao, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya mahari, safari hii walikubaliana: mtoto ambaye hakulia hakaliwi matanga. Basi hakuna aliyetandika mkeka, na watani hawakuja, kwa sababu mtani huja msibani kutania, na msiba haukuwapo. Nakiri kwamba utaratibu ule ulinifaa. Nilikuwa na madaftari ya kidato cha nne ya kusahihisha.

Alipotoka hospitali aliniuliza tumemlaza wapi. Nikamwambia apate nguvu kwanza, nitampeleka. Hakuuliza tena, nami nikajidanganya kwamba amesahau. Toka hapo maneno yake yakawa mawili matatu kwa siku: chakula tayari, maji yamekwisha. Mwezi wa Juni akasema anataka kurudi kwa mama yake.

"Si kwa ubaya," alisema. "Hapa siwezi."

Nikamwomba asubiri mpaka mvua za Novemba.

"Zikinyesha nikiwa bado hivi, utanipeleka stesheni?"

"Nitakupeleka."

Mtu mwenye akili angeketi naye chini. Mimi nilikuwa na shahada. Likizo ilipofika nikapanda treni kwenda pwani kumtafutia bahari.

Kaka yake alikuwa akiokota makombe ya kuuzia watalii, na miamba yote ya kwao aliijua kama mimi nilivyoujua ubao wa darasani. Maji yalipokupwa akanipeleka kwenye vidimbwi vinavyobaki katikati ya matumbawe. Nilibeba kipande cha chandarua, ndoo mbili, na kijitabu, ambacho nilikifungua nikiwa nimesimama majini mpaka magotini. Nadhani ndipo shemeji yangu alipoanza kumhurumia dada yake upya.

Wa kwanza niliyemtaka alikuwa kitatange, wa manjano, mwenye mstari mweusi uliopita juu ya jicho kama mtu aliyepaka wanja. Nilimnasa kwa chandarua nikamwona ni jibu la maisha yangu.

"Mrudishe huyo, shemeji," akasema.

"Kwa nini? Mzuri."

"Mzuri, ndiyo. Anakula matumbawe mabichi. Shinyanga utampa nini, michembe yenu ya viazi?"

Nikamrudisha. Tukafanya kama kijitabu kilivyosema: unamtia samaki kwenye ndoo, unamwacha atulie, unamdondoshea kipande cha nyama ya kamba, kidogo kuliko ukucha. Akikimbilia chakula, amefaulu. Akikimbilia ukuta wa ndoo, unampa pole na kumwachia. Niliwafanyia mtihani samaki kumi na wanane asubuhi ile, na ninasikitika kusema nilifurahi, jua mgongoni, suruali imeloa, nikitoa alama. Waliofaulu walikuwa sita. Wawili wa buluu kali wenye mikia ya manjano, wakubwa kama kidole gumba. Wawili wa milia myeupe na myeusi, wagomvi, waliopigana humo humo ndooni. Na wawili wa rangi ya mchanga, macho juu ya kichwa kama mabwana shamba wanaokagua pamba, ambao kazi yao yote ni kuchimba shimo na kuchungulia.

"Hawa hata paka wetu hawezi kuwaita kitoweo," shemeji akasema. Halafu, bila kunitazama: "Anakula, dada?"

"Kidogo."

"Mbele ya macho yako?"

Nikafunga kijitabu.

Niliwasafirisha kwenye madumu ya plastiki, maji ya bahari madumu manne, samaki dumu moja lililokatwa shingo. Treni haikuwa na umeme wa kipampu changu, kwa hiyo nikatumia pampu ya baiskeli: kila baada ya muda mfupi nautia mpira majini na kupiga. Mkagua tiketi alisimama mlangoni akinitazama kuanzia kituo kimoja hadi karibu kituo cha pili.

"Ndugu, unayajaza maji upepo?"

"Kuna samaki."

Akachungulia. "Unatoka baharini, unakwenda upande wa Ziwa Viktoria, umebeba samaki." Akawageukia abiria. "Jamani, huyu ni msomi. Msimguse."

Wawili walikufa kabla ya Tabora, mmoja wa milia na mmoja wa mchangani. Wanne wakafika.

Mke wangu alipita na ndoo yake ya maji nilipolijaza tangi. Lakini kesho yake nilimkuta ameketi mbele yake juu ya kigoda, na kesho kutwa pia. Wa milia alikuwa na ugomvi na taswira yake mwenyewe kiooni. Alikivamia kwa kichwa, akarudi nyuma, akajitazama, akavamia tena. Mke wangu alitoa sauti puani. Haikuwa kicheko, lakini ilitokea kule kinakotokea kicheko. Akaanza kuwalisha yeye, kiini cha yai na dagaa wa ziwani waliosagwa. Umeme ulipokatika, akapiga pampu ya baiskeli yeye mwenyewe. Jirani wa Tinde alikuja kuona, akatazama muda mrefu.

"Mtani, hawaliwi?"

"Hawaliwi."

"Wazaramo! Mnafuga msichokula, mnakula msichofuga!"

Na mke wangu akajibu. Sikumbuki alichojibu. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika mlango nisianguke kwa furaha.

Sasa kiangazi cha kwetu hunywa maji kuliko ng'ombe. Kila siku chache tangi lilipungua upana wa vidole viwili. Nami, msomi, nikafikiri hivi: maji ya bahari yamepungua, yaongezwe maji ya bahari. Bahari iko mbali, lakini sokoni kuna chumvi ya Uvinza. Basi kila mara nilikoroga chumvi kwenye maji ya bomba kwa vijiko nilivyovihesabu sawasawa, nikaongeza, nikajipongeza.

Jioni moja ya Septemba mke wangu alichovya kidole tangini akakiweka ulimini.

"Wewe. Umeyaonja maji haya?"

"Kijitabu hakikusema tuonje."

"Hii si bahari. Hapa unatengeneza ng'onda, samaki wa kukausha kwa chumvi." Akanigeukia mzima mzima. "Kwetu chumvi inavunwa, Mwalimu. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba, jua linachukua maji, chumvi inabaki chini. Jua halijapata kuchukua chumvi hata chembe moja. Sasa yakipungua humu, yaliyopungua ni maji. Chumvi yote bado imo. Unaongeza nyingine ya nini? Tia maji matupu."

Tangu Aprili hakuwa amesema maneno mengi kiasi kile kwa mpigo mmoja. Nilimtazama mdomo. Niliyatazama mashavu yake yakifanya kazi, mkono wake ukionyesha majaruba hewani, nikawaza: amerudi, mke wangu amerudi, samaki wamemrudisha. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilifurahi sana kumsikia akisema hata sikusikiliza alichosema.

Kesho yake nikaongeza chumvi kama kawaida.

Walikufa ndani ya wiki moja. Wa mchangani hakutoka tena shimoni. Wa buluu walipauka, wakalala ubavu. Wa milia alikuwa wa mwisho, na yeye ndiye mke wangu aliyemkuta, asubuhi, ameshikiliwa na maji palepale alipozoea kupigania. Alimtoa kwa kiganja akanipa. Hakunilaumu. Nikatoka nje nikachimba kishimo cha nne chini ya mpapai.

Jirani alikuwa bombani na wanawake wenzake. Aliponiona na jembe na samaki mmoja kwenye kisahani, alielewa mara moja, na akafanya kile ambacho mtani wa kweli hufanya. Alitupa ndoo, akajitanda kanga kichwani, akaja mbio akipiga ukelele.

"Uuuwi! Mtani wangu kafiwa! Marehemu alikuwa mtu wa maji! Hakunywa pombe, maji tu!"

Wenzake wakamfuata. Mmoja akatandika mkeka uani. Jirani akaigiza marehemu, macho yamemtoka, akifungua na kufumba mdomo, akigonga kichwa kwenye kioo kisichokuwapo. "Ubani tumpe nani? Na ugali wa msiba uko wapi? Wazaramo mnaua samaki bila mchuzi!" Mke wangu alitoka ndani, akaona, akacheka. Alicheka kweli, akaketi mkekani kati yao huku amejishika mbavu. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akipita njiani akaingia kunishika mkono, pole sana, bila kujua nani kafa.

Kisha kicheko chake kikakoma. Akaupapasa mkeka kwa kiganja.

"Mkeka huu," akasema, "Aprili ulikuwa wapi?"

Jirani akateremsha kanga kichwani polepole.

"Mtani wangu. Walituambia hakuna matanga."

"Najua. Na mimi waliniambia." Akasimama, akanitazama. "Nipeleke."

Tulikwenda kwa miguu. Nyasi za makaburini zilikuwa zimechomwa moto, na ng'ombe wamepita juu yake. Upande wa watoto nilikuta vilima vitatu vidogo vimekaribiana, vyeusi kwa majivu, bila jiwe wala kijiti. Nilikuwa naweza kukwambia ni yupi kati ya wale wawili wa buluu aliyekuwa na pezi lililochanika, na upande gani. Hapa nilizunguka, nikarudi nilipotoka, nikasimama. Mwishowe nikaonyesha cha katikati.

Alivua ndala, akachuchumaa, akayapangusa majivu kwa mikono, akausawazisha udongo. Akasema maneno ya Kizaramo, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto njia. Alipomaliza akainua uso.

"Una hakika?"

Nikasema ndiyo. Aliendelea kunitazama.

"Sina," nikasema.

Hakukasirika. Akasogea kilima cha kwanza, akachuchumaa, akapangusa majivu, akasawazisha udongo, akasema maneno yale yale yote. Kisha akaenda cha tatu. Mimi nilisimama nimeshika ndala zake.

Alipovaa akaniambia atapanda treni ya Jumamosi. Nikasema haya. Alitangulia, nikamfuata, na njia nzima mpaka nyumbani hakuufuta ule udongo mikononi.