Maji ya Kupeleka Makote

Mama mkubwa alifariki Makote alfajiri, na binti yake akatupigia simu Masasi kuomba kitu kimoja: maji. Tangi lao la mvua lilikuwa limekauka, bomba halitoi maji, na maiti hazikwi bila kuoshwa. Huko juu Newala mwezi wa kumi ndivyo ulivyo. Tukajaza madumu matatu, tukayapakia kwenye buti la gari kuukuu la marehemu baba, ambalo kaka yangu alijimilikisha kabla hata arobaini haijafika.

Gari hilo nalijua kuliko yeye. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka baba kliniki nalo, yeye akija jioni kuuliza kama kuna chakula. Lakini siku hiyo usukani ulikuwa wake kwa sababu ni mwanamume. Mama alikaa mbele, mimi nyuma na hasira zangu.

Tulipoanza kupanda mlima, mshale wa joto nao ukapanda. Nikamwambia afungulie hita yote, ipunguze moto wa injini.

"Jua lote hili unataka kumchemsha mama? Una akili kweli wewe?"

"Fungulia, mwanangu," mama akasema.

Akafungulia. Mama akajipepea kwa ncha ya khanga bila kulalamika. Baada ya kona kadhaa upepo wa hita ukageuka baridi, kaka akacheka.

"Umeona? Limepoa."

Limepoa wapi! Joto la hita hutokana na maji yanayozunguka kwenye injini. Ikianza kupuliza baridi na mshale uko juu, ujue maji yamekwisha. Nikamwambia asimame. Akaongeza sauti ya redio. Alisimama mvuke ulipomzibia kioo.

Tukasubiri injini ipoe. Kisha yule mpumbavu, sina neno jingine, akafungua buti, akamimina dumu zima kwenye rejeta. Nikamwambia atafute kwanza panapovuja.

"Mimi sifundishwi gari na mwanamke," akasema, akamimina la pili.

Maji yakatokea chini ya gari yakaenda zake mtaroni, maji masafi kabisa ya kumwoshea mama mkubwa. Nililia kwa ghadhabu.

Nikamsukuma pembeni, nikainama mwenyewe. Mpira wa hita ulikuwa umepasuka kwenye ncha, pale unapokazwa. Nikaikata ncha kwa kisu, nikaurudisha, nikaukaza. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo hivyo. Lakini sasa injini ilikuwa kavu na dumu limebaki moja. Kaka akalinyooshea mkono, nikalikumbatia.

"Mpe," mama akasema. "Tukilala hapa, hata uso wa dada yangu sitauona."

Nikampa.

Makote tulikuta wanawake wamesimama uani wakitusubiri. Binti wa marehemu alikuja mbio, akafungua buti mwenyewe, akashika dumu kwa mikono miwili na kulivuta kwa nguvu zake zote. Likaja jepesi, nusura aanguke kinyumenyume. Akashika la pili. Akashika la tatu.

"Mama mdogo," akasema, "maji yako wapi?"

Kaka alikuwa ameshaketi jamvini na wanaume. Sote pale uani tulimsikia akiwasimulia jinsi alivyolitengeneza gari njiani, peke yake.