Ongeri Amtafutia Bintiye Taabu

Ongeri, mwenye duka la mabati na misumari pale Keumbu, alijiapiza siku bintiye Ashley alipozaliwa kwamba mtoto huyo hatayapitia aliyoyapitia yeye. Akatimiza. Karo ililipwa kabla shule hazijafunguliwa, maji yakavutwa kwa bomba mpaka jikoni, na hata homa ikimshika Ashley, gari lilikuwa limeshawashwa. Kwa hiyo siku walipoketi wawili mezani kuomba nafasi katika chuo kimoja cha Kanada, na kompyuta ikauliza, "Eleza taabu kubwa uliyopitia na jinsi ulivyoishinda," Ongeri aliona wazi kwamba amemponza mwanawe.

"Umewahi kulala njaa?" akamuuliza.

"Hapana, tata," akamjibu baba yake.

"Kufukuzwa shule?"

"Nani angenifukuza? Paa la bweni ulilileta wewe."

Ongeri akashika kichwa. Mkewe, Mong'ina, aliyekuwa akichambua mboga za chinsaga kwa ajili ya chakula cha jioni, akasema mtoto aandike tu kwamba amelelewa vizuri.

"Nani atampokea kwa kulelewa vizuri?"

"Basi atunge kitu."

"Adanganye? Sisi ni watu wa kanisa, Mong'ina. Lazima ateseke kweli." Akamgeukia bintiye. "Maombi yanafungwa lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Afadhali. Wakati upo."

Asubuhi iliyofuata alifunga bomba, akampa Ashley mtungi wa plastiki na kumwelekeza kisimani. Alisimama langoni akimtazama akishuka. Haukupita muda lori la duka likaingia uani, Ashley ameketi mbele karibu na dereva, mtungi umejaa, naye anakula muwa. Dereva alisema hangeweza kumwacha mtoto wa bosi njiani. Ongeri alimkaripia mpaka yule mtu akadhani amegonga mtu.

Akakata umeme wa chumba cha Ashley. Akamhamishia kwenye stoo, kati ya mifuko ya saruji; Ashley akasema kuna baridi nzuri, hajawahi kulala hivyo. Akamnyima chakula cha mchana, lakini hapo yeye mwenyewe alishindwa kumeza. Mong'ina alimkuta nyuma ya stoo ameshika sahani ya ugali, amemsimamia binti.

"Kula haraka," alikuwa akinong'ona, "usije ukaiharibu njaa."

Sasa majirani wana macho. Waliona msichana wa Ongeri na mtungi, wakaona dirisha halina taa, wakasikia dereva amegombezwa bila kosa. Kufikia ibada ya Jumamosi kanisa zima lilijua kwamba Ongeri amefilisika na anaona haya kusema.

Jumapili mchana wakaja akina mama wa Dorkasi, wale wanaowasaidia wasiojiweza, na mikungu ya ndizi vichwani, kuku wawili, blanketi, na suruali iliyovaliwa kidogo tu. Mbele yao alikuwa Mzee Nyamongo wa kanisa.

"Ndugu Ongeri," akasema kwa upole, "tumejua."

"Mmejua nini?"

"Usijisumbue. Hakuna aibu."

Ongeri akafungua kinywa kueleza. Lakini angeeleza vipi? Kwamba anamtesa mtoto kwa makusudi, na anayo sababu? Akakifunga. Nyamongo akamshika mkono, wakapiga magoti wote sebuleni, mbele ya televisheni kubwa kama mlango, na mzee akamwomba Mungu amwinue mtumishi wake aliyeanguka. Ashley alijifunika uso kwa mikono, mabega yakitikisika kwa kicheko. Akina mama walipoona hivyo wakalia kwa sauti.

"Shukuru kwa suruali," Mong'ina akamnong'oneza mumewe, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Wiki ile duka halikupumua. Watu walikuja kumwokoa. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyeezeka nyumba yake mwaka uliopita tu, alinunua mabati mengine na kuondoka bila kuomba kupunguziwa bei. Mjane mmoja alichukua misumari kilo nzima, na alipoulizwa anajenga nini, akasema, "Tutaona." Ongeri aliuza kuliko Desemba yoyote, huku akisikitikiwa na kila mteja.

Mwishowe Ashley akaandika insha ya maombi. Ongeri aliomba asomewe, na binti akaanza: "Taabu kubwa niliyopitia ni kupendwa na baba yangu."

Ongeri alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii si taabu," akasema. "Hii ni kunisema."

"Lakini ni kweli, tata."

Ukweli aliutaka mwenyewe. Ashley akaituma.

Chuo kilimpokea, na kumpa ufadhili juu yake. Jumamosi ya kumuaga, Mzee Nyamongo alisimama mimbarini akatangaza kwamba kanisa limemwokota mtoto kutoka nyumba iliyokosa hata taa, na leo anakwenda Kanada. Kanisa likapiga makofi. Akamwita baba wa Ashley asimame.

Ongeri akasimama, koti lake jipya limenyooshwa vizuri, funguo za gari mkononi, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Amina," akasema. "Imekuwa safari ngumu."