Walburga na Fidla ya Bwana Pruckner

Walburga Stadlbauer, mjane wa mshona glavu, hakuwa mtu wa kujishusha. Pale Vienna kila sebule ilikuwa na gitaa ukutani, na wengi walilipapasa tu. Yeye alilipiga. Mama Zechmeister, mke wa mfuma hariri, alipomwalika apige siku ya Mtakatifu Anna, somo wa binti yake mkubwa, Walburga alijua anapimwa. Akipendeza, atawafundisha mabinti wa nyumba ile gitaa na kuachana na sindano ya glavu moja kwa moja.

Tatizo ni mwenzake, Bwana Pruckner, karani wa mahakama, mpiga fidla. Mtu yule, jamani!

"Wewe nifuate tu, Bibi Walburga," alisema siku ilipofika, wakikaza nyuzi sebuleni kwa Mama Zechmeister.

"Zamu yako nitakufuata. Zamu yangu utanifuata wewe. Ndivyo wimbo ulivyotungwa."

"Fidla ilifuate gitaa? Thubutu!"

Wakaanza. Wimbo ulipokuwa kwa fidla, mambo yalikwenda vizuri. Ikaja zamu ya gitaa, ambapo fidla kazi yake ni kuitikia tu, pum-pum, chini chini. Wapi! Bwana Pruckner akakandamiza upinde kwa nguvu zake zote. Gitaa likamezwa, hata waliokaa mbele hawakulisikia. Mama Zechmeister akageuka kupiga soga na jirani yake.

Hasira zikampanda Walburga. Kazi yake ile inapotea hivihivi! Angekazana, nyuzi za utumbo wa kondoo zingekatika bure. Basi akaweka mikono mapajani, akatulia.

Fidla ikabaki peke yake. Pum-pum. Pum-pum. Bwana Pruckner kafumba macho, anatikisa kichwa kwa raha, hana habari. Mabinti wakaangua kicheko.

"Bwana Pruckner," akauliza Mama Zechmeister, "ndio wimbo wenyewe huo?"

Akafumbua macho. Uso ukamwiva.

"Hapo kazi yake ni hiyo, mama," alisema Walburga. "Na ni kazi nzuri, ikifanywa taratibu. Turudie."

Wakarudia. Safari hii upinde uligusa nyuzi kidogo tu, na gitaa likasikika mpaka jikoni. Mpishi akaja kusimama mlangoni, mikono imejaa unga.

"Tunaanza lini?" Anna, yule binti mkubwa, aliuliza kabla makofi hayajaisha.

"Jumatatu," akajibu Walburga, wala hakumtazama mama mtu. Mama mtu akacheka, akakubali.

Bwana Pruckner alikuwa anafunga sanduku la fidla.

"Na wewe uje," Walburga alimwambia. "Nitahitaji mtu wa kuitikia."

Akaja.