Lango la Baba na Kijidudu cha Tumboni

Sidhani kama mtaani kwetu Gerezani kuna mtu mwingine aliyewahi kuitetea karakana yake kwa ushahidi wa kijidudu kinachoharisha watu. Baba yangu aliitetea hivyo, na aliyempa ushahidi huo nilikuwa mimi.

Karakana ilikuwa ya magodoro ya sufi. Serikali iliporuhusu biashara huria, magodoro ya sponji yakajaa Kariakoo na mafundi wa baba wakatawanyika. Yeye akabaki analifungua lango kila asubuhi, anapokea kigunia cha sufi na nyuzi, anashona mito. Kaka yangu mkubwa alitaka lango libomolewe, zijengwe fremu za maduka za kupangisha.

"Baba, pale hakuna kiwanda, kuna mlango tu," alisema tukiwa tunakula.

Mkono wa baba ukasimama juu ya ubwabwa. Iliniuma, nikaropoka masomo yangu ya chuo.

Nikaeleza kwamba zamani sana seli ilimmeza bakteria, na badala ya kumsaga ikaishi naye. Taratibu jeni zake nyingi, yaani maelekezo ya kumuunda, zikahamia kwa seli mwenyeji, na bakteria akawa chumba cha kuzalisha nguvu, mitokondria. Tangu hapo protini zake nyingi hutengenezwa nje na kuingizwa mlangoni, nyingine zikiwa na alama kama mizigo ya bandarini. Zikishaingia, alama hukatwa. Sasa kuna kijidudu cha tumboni ambacho chumba chake hicho kimesinyaa mpaka wataalamu waliapa hakina. Chumba hakizalishi nguvu tena. Mlango umepoteza vipande vingi, lakini bado unapokea protini.

"Za kazi gani?" baba akauliza.

"Za kuunda vitu vidogo vya chuma na salfa. Bila hivyo kijidudu kinakufa."

"Umesikia?" akamgeukia kaka. "Mimi ndicho hicho!"

Kesho yake mtaa mzima ulijua, maana baba alijitapa langoni kwa kila mpita njia. Muuza vipuri alinisimamisha: "Mambo, profesa? Eti mzee ni mdudu wa kuendesha tumbo?"

"Poa," nikajibu, nikaongeza mwendo.

Kaka alifura. "Ametugeuza ukoo wa vijidudu!" Akamwita fundi aje kubomoa Jumamosi.

Baba hakugomba. Alipita vyumbani na gunia, akakusanya mito yote, hata ya wageni, akaifungia karakanani. Kaka akalala kwenye sponji lake, kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Ijumaa akaja karakanani shingo imekaza, hawezi kugeuka bila kuzungusha mwili mzima.

"Shikamoo baba," akauamkia ukuta.

"Marahaba."

"Naomba mto wangu. Fundi nimemwambia asije."

Nilingoja baba acheke, ajitape tena. Badala yake aliketi kizingitini, akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mto. Kumbe siku zote zile, hata yeye hakuwa amekiamini kijidudu changu.