Mwanachama wetu wa kwanza alikuja na tenga la kuku

Mtu wa kwanza kulipia tovuti yetu ya ndege amekuja kinamasini leo na tenga la kuku.

Mnajua tovuti ilikuwa karibu kuzimwa. Sisi watano tunaiendesha kwa kujitolea, na pesa ziliisha.

Ni mimi niliyependekeza kwamba picha zionwe na wote, lakini ramani ya viota waione wanaolipa tu. Wenzangu walinipigia makofi. Mimi, niliyemaliza shule bila kunyoosha mkono hata mara moja!

Basi asubuhi nikampeleka mzee huyo kwenye kiota cha korongo, yule ndege wa bendera ya taifa letu. Nilikuwa nimeandaa maelezo.

Hakuyahitaji. Aliingia matopeni akainua vifaranga wawili.

"Mzee, hao si wa kuchukua," nikasema, kwa sauti ndogo.

Akacheka. "Sasa binti, nililipia nini? Watapendeza kwenye bustani yangu pale Lubaga. Hebu nishikie tenga."

Nikalishika.

Nimekulia kambi ya polisi, Nsambya. Mtu mzima akisema shika, unashika kwanza, unafikiri baadaye. Mama yao alizunguka juu yetu akilia, na mimi nimeshika kifuniko.

Nimeifuta ramani. Wenzangu wanauliza sasa tovuti tutailipia na nini. Ninyi mngewajibu nini?

Maana mzee ameshatuandikia maoni, na yako juu kabisa. Nyota tano. "Ramani ni sahihi. Binti ni mpole sana, alinisaidia kubeba."